Greenville: Kumfuata Joe Jackson na Gongo Lake Jeusi

Mgeni anayekwenda Greenville, South Carolina, kumtafuta Joe Jackson, mpigaji wa besiboli wa zamani, asianzie makumbusho. Nilianzia Brandon Mill, upande wa magharibi, kwa kuwa uchezaji wake ulianzia hapo. Kiwanda hicho cha pamba, matofali mekundu ghorofa juu ya ghorofa, sasa ni nyumba za kupangisha. Jackson aliingia kazini akiwa mtoto mdogo, hakupata shule, na hakujua kusoma. Kiwanda kilikuwa na timu yake ya besiboli, na alipofika miaka 13 alikuwa akicheza na watu wazima. Uwanja wao haujajengwa kitu. Ni bustani yenye jina lake.

Gongo lake (la mti, si lile la kunywa) lilichongwa na mwenyeji wa Greenville, Charlie Ferguson, kwa mti mgumu wa hickory. Urefu wake inchi 36, uzito wakia 48, karibu kilo 1.36, ya siku hizi huwa kama gramu 900. Lilipakwa maji ya tumbaku hadi likawa jeusi, likaitwa Black Betsy.

Uzito ule ulikuwa na sababu. Kabla ya 1920 mpira mmoja ulichezewa muda mrefu hadi ukalainika, ukajaa matope na mate ya warushaji, kwa hiyo gongo jepesi halikuufikisha mbali. Lakini gongo zito huchelewa kuanza kwenda: mpigaji asipousoma mpira mapema, unampita kabla hajazungusha mikono. Wengi walikwepa tatizo hilo kwa kushika gongo juu ya mpini na kuudokoa tu mpira. Jackson alishika mwishoni kabisa na kuzungusha kwa nguvu zote. Matunda yake ni mipira iliyopenya katikati ya walinzi, zaidi kuliko iliyovuka ukuta: mapigo 168 ya kumfikisha kituo cha tatu, na 54 tu ya kuzunguka vituo vyote.

Kutoka kiwandani nilirudi mjini kwa miguu, hata saa moja haiishi, hadi 356 Field Street, jirani na uwanja wa Fluor Field. Nyumba ndogo ya matofali aliyofia tarehe 5 Desemba 1951 ilihamishiwa mtaa huu mwaka 2006, na ndiyo makumbusho yake. Namba ya mlango ni wastani wake wa kupiga: mapigo 1,772 katika majaribio 4,981, yaani 0.356. Mwaka 1911, akiwa timu ya Cleveland, alifikisha 0.408 (mapigo 233 kwa majaribio 571) na bado hakuwa wa kwanza. Mchezaji mwenzake wa enzi hiyo, Ty Cobb, alipata 0.420. Bahati mbaya ya namna hiyo ni nadra.

Jina lake la utani, "Shoeless", yaani asiye na viatu, lilitokana na viatu vipya vilivyomtoa malengelenge. Akavivua, akacheza na soksi.

Habari ya 1919 haikwepeki. Akiwa timu ya White Sox ya Chicago alipokea dola 5,000 kati ya 20,000 alizoahidiwa ili timu ishindwe fainali dhidi ya Cincinnati. Katika fainali hiyohiyo alipiga 0.375, mapigo 12. Wanaomtetea husimama hapo. Kwangu, hesabu hiyo haizifuti zile dola. Mahakama ilimwachia Agosti 1921, lakini Landis, kamishna wa besiboli, akamfungia maisha. Jina lake liliondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa Mei 2025.

Kaburi liko Woodlawn Memorial Park, barabara ya Wade Hampton, mbali kwa miguu, chukua gari. Jiwe lake limelala usawa wa nyasi, ni rahisi kulipita. Tazama chini, utafute mipira na viatu walivyoacha waliotangulia.