Siku moja kazini: kufundisha upasuaji wa mtoto wa jicho pasipo na daktari bingwa

Ninaowafundisha ni matabibu na wauguzi. Mafunzo yakiisha, kila mmoja anarudi kwenye kituo ambako hakuna daktari bingwa wa kumwita akikwama. Ndiyo maana muda mwingi wa siku unaishia kwenye yale yanayoharibika.

Saa 12:30 asubuhi, wodini

Bandeji za waliopasuliwa jana hufunguliwa na mwanafunzi aliyewapasua, si muuguzi wa zamu. Anapima uoni kwanza, chati ya E umbali wa mita 6, kisha kwa kitobo (kadi yenye tundu dogo la kuchungulia), ndipo anashika tochi. Ukungu kidogo kwenye konea, kioo cha mbele ya jicho, siku ya kwanza usimtishe. Mara nyingi hutakata ndani ya siku chache. Maumivu pamoja na uoni unaoporomoka na usaha uliotuama mbele ya irisi, duara lenye rangi linalozunguka mboni, ni jambo jingine kabisa, maambukizi ndani ya jicho: antibiotiki za vankomaisini miligramu 1 katika mililita 0.1, na seftazidimu miligramu 2.25 katika mililita 0.1, ndani ya jicho, saa hiyo hiyo. Kila dawa iwe na bomba lake, kwa sababu zikikutana kwenye bomba moja huganda. Hesabu ya kuzimua hufanywa na watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha wanalinganisha.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kilichozoeleka ni kwamba angalau wagonjwa 80 kati ya 100 waone 6/18 (kwa mita 6, kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 18) au zaidi kwa miwani waliyo nayo, na wasizidi 5 walio chini ya 6/60. Kwa mwanafunzi mwenye wagonjwa kumi, asilimia hizo hazisemi kitu. Tunauliza sababu tu: jicho lilikuwa na ugonjwa mwingine, mkono uliteleza, au lenzi ya bandia aliyowekewa haikuwa ya kipimo chake?

Saa 2:00 asubuhi, kliniki

Utaratibu haubadiliki: uoni, kitobo, mboni, presha ya jicho, na mwisho dawa ya kupanua mboni. Wanafunzi wenye haraka huruka mboni. Ukishaweka dawa ya kupanua, kipimo cha kuhamisha tochi kutoka jicho moja hadi jingine umekipoteza kwa saa kadhaa, na hicho ndicho kinachofichua neva iliyokufa nyuma ya mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho, hata aliyekomaa kabisa, hazuii mboni kusinyaa. Ukiona mboni inapanuka mwanga unapoijia, tatizo liko nyuma, na upasuaji utampa mgonjwa lenzi safi na giza lile lile.

Kwenye kipima presha cha Schiøtz, kile cha mshale kinachowekwa juu ya konea, kosa ni lile lile kila mwaka: namba ndogo kwenye mizani ni presha kubwa. Mshale ukisoma chini ya 3 kwa uzito wa gramu 5.5, ongeza uzito hadi 7.5 upime tena.

Kisha vipimo vya lenzi, ambako matokeo mengi mabaya huzaliwa bila kisu kuguswa. Kabla ya kuiamini mashine, kila mwanafunzi anapiga hesabu ya SRK, fomyula ya kupata nguvu ya lenzi ya bandia, kwa mkono: namba ya aina ya lenzi, toa urefu wa jicho mara 2.5, toa mpindo wa konea mara 0.9. Kwa lenzi ya 118.4, jicho la milimita 23.5 na mpindo wa 43.5, jibu ni 20.5. Fomyula hiyo imezeeka na hukosea kwenye macho mafupi sana au marefu sana. Tunaitumia darasani kwa sababu inaonyesha wazi kwamba milimita moja ya urefu ni dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 nzima. Mwanafunzi akigandamiza konea kwa ncha ya kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosoma urefu, jicho linasomeka fupi, lenzi inayochaguliwa ina nguvu mno, na mgonjwa anatoka haoni mbali. Tunachukua vipimo kumi, tunatupa vile ambavyo mawimbi yake hayakusimama wima, na tunapima macho yote mawili. Yakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.3, tunarudia.

Saa 4:30 asubuhi, mezani

Hapa ndipo ningependa siku nzima ipite. Mkono unafunzwa kwenye sponji ngumu ya bapa kwanza, kisha kwenye jicho la mbuzi lililotoka machinjioni asubuhi hiyo. Likilala, konea hupauka na ndani hakuonekani. Jicho hilo huwa limelegea, hivyo tunaingiza maji ya chumvi kwa sindano kupitia neva ya macho hadi liwe gumu kwa kidole.

Zoezi ni njia ya sklera peke yake, yaani handaki dogo kwenye sehemu nyeupe ya jicho la kutolea kiini cha lenzi. Chale ya nje ina upana wa milimita 6 hadi 7, inaanzia milimita 1.5 hadi 2 nyuma ya mpaka wa konea, na kina chake ni nusu ya unene wa sklera. Kisu chenye umbo la mwezi mchanga kinakwenda mbele hadi kiingie milimita 1 au 1.5 ndani ya konea angavu. Ndani pawe papana kuliko nje, la sivyo kiini cha lenzi kitakwama mlangoni.

Kina husomwa kwa macho. Kisu kikionekana kwa ukungu kupitia sklera, uko sawa. Kikionekana waziwazi, uko juu mno na utatoboa paa la njia. Ondoka hapo, anza upande wa pili kwa kina zaidi. Kisipoonekana kabisa umezama, utafungua chemba, nafasi ya maji iliyo mbele ya irisi, kabla ya wakati na irisi itakifuata kisu nje. Hapo hausukumi. Unaanza njia nyingine, ya juu kidogo, na unajua mapema kwamba jicho hilo huenda likahitaji uzi.

Kuchana ngozi ya mbele ya lenzi tunakufanyia mazoezi kwenye ganda la nyanya iliyoiva, kwa sindano ya geji 26 iliyokunjwa ncha.

Saa 8:00 mchana, thieta

Matone ya povidoni-ayodini ya asilimia 5 yanakaa dakika 3 kamili. Tunazihesabu kwa saa. Mwanafunzi mpya hapewi upasuaji mzima. Anaanza na kuosha na kuweka lenzi, kisha kufungua kiwambo (utando unaofunika sklera), kisha njia. Kutoa kiini huja mwisho. Mgonjwa yuko macho chini ya shuka na anasikia kila neno, kwa hiyo tumekubaliana maneno machache: "simama", "jaza", "nipe kiti".

"Simama" haina maana ya kutoa chombo. Chemba ikizama ghafla kwa kina, au mboni ikipanuka kwa mshtuko, ngozi ya nyuma ya lenzi imepasuka. Ukichomoa chombo kwa woga, chemba inabomoka na ute unaojaza nyuma ya jicho unakimbilia mbele. Unabaki palepale, unajaza jeli kwa mkono wa pili, ndipo unatoka polepole. Ute unakatwa, hauvutwi. Ukingo wa mfuko wa lenzi ukitosha, lenzi ya bandia inakaa mbele yake; usipotosha, jicho linafungwa bila lenzi na mgonjwa anapewa rufaa. Kulazimisha lenzi hapo ni kiburi tu.

Saa 11:00 jioni, vifaa

Kila mwanafunzi anaosha trei yake. Mirija myembamba ya kunyonyea husukumiwa maji yaliyokenekwa mara tu upasuaji unapoisha, kwa sababu jeli iliyokauka ndani huleta uvimbe mkali kesho yake, nao hufanana na maambukizi. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ni nyuzi 121 kwa dakika 20, au 134 kwa dakika 3 hadi 4, muda ukihesabiwa baada ya joto kufika. Balbu ya akiba ya hadubini inajaribiwa, si kutazamwa tu kwenye kisanduku.

Saa 12:15 jioni, alama na simu

Tunatazama video za mchana bila sauti na kutoa alama kwa fomu ya ICO-OSCAR, ya kimataifa ya kupima ujuzi wa upasuaji wa macho, hatua kwa hatua, kutoka 2 ya anayeanza hadi 5 ya mwenye uwezo. Mwanafunzi anajipa alama zake kabla ya kuona zangu. Anayejipa 5 kwenye njia iliyovuja anarudi kwenye sponji.

Kisha picha kutoka kwa waliokwishahitimu. Wengi huuliza wapasue au wasipasue: mgonjwa mwenye jicho moja tu linaloona, lenzi iliyolegea, mtoto mdogo. Majibu yote matatu ni rufaa. Wa mwisho leo amebakiwa na lenzi za 21 pekee, na mgonjwa wake wa kesho anahitaji 17. Anamwahirisha hadi mzigo ufike.