Viti viwili kutoka Yorkshire

Vililetwa vimeviringishwa blanketi, na wapagazi waliviteremsha garini polepole kama wanaobeba wagonjwa. Wakati huo nilikuwa najifunza ukarabati wa samani za kale kwenye karakana moja kusini mwa London. Mimi ni mtoto wa seremala wa Mombasa, nimekulia kwenye maranda, kwa hiyo viti nimeviona vingi. Ila viti vya mikono vilivyotiwa dhahabu, vilivyotengenezwa miaka ya 1770 kwa ajili ya jumba la bwana mkubwa shambani kwake Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, hivyo sikuwahi kuvigusa.

Kusema kweli havikunivutia. Vilikuwa vya kahawia iliyofubaa, na ndani ya mikunjo ya nakshi palikuwa na ukijani. Mwenyewe alikwisha kuagiza: vipigwe msasa, vipakwe dhahabu mpya, ving'ae, maana arusi ya binti yake ilikuwa karibu. Nikamwona ana haki yake. Kwetu kiti kikichakaa hupigwa msasa na vanishi, kikarudi sebuleni, na wageni wakasifu.

Fundi mkuu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akasema kwanza tuchukue kiti kimoja, tukivue nguo. Tukang'oa vimisumari kimoja kimoja, tukatoa hariri (nayo ilikuwa ya juzijuzi tu), tukatoa singa za farasi zilizojaa vumbi, kisha tukakipindua. Hapo ndipo kikaanza kunipendeza. Chini hakukuwa na dhahabu hata chembe. Mbao tupu, alama za randa, matundu ya dumuzi, na namba ya Kirumi iliyopigwa patasi harakaharaka: VII. Mwenzake alikuwa XI. Basi vilitoka kwenye seti kubwa, na ndugu zake walikwisha kutawanyika.

Kwenye fremu palikuwa na matundu mengine, ya skrubu, ambayo hayakushika kitu chochote. Fundi akanieleza kwamba viti vya namna hii vilitengenezwa London, vikakazwa kwa skrubu ndani ya makasha ili visicheze kwenye mikokoteni ya kwenda kaskazini. Ndivyo ilivyofanya hata karakana ya Thomas Chippendale, fundi samani mashuhuri wa Kiingereza wa enzi hizo, pale St Martin's Lane, London. Tena mgongoni nakshi hakuna: viti vya heshima vilipangwa ukutani, nani angeona? Baba yangu angecheka. Makabati yake mangapi nyuma yake ni mbao za kasha!

Kisha mama yule akazungushia kijiti pamba, akachovya kwenye jeli ya dawa, akasugua jani moja la nakshi kwenye mkono wa kiti. Pamba ikatoka kahawia. Akabadilisha, akasugua tena. Mara ya tatu au ya nne likachomoza jani la dhahabu, uti wake unametameta na pembeni pamefifia kidogo.

Ile kahawia ilikuwa rangi ya shaba. Mtu wa baadaye aliipaka kuficha mikwaruzo, na shaba ikikaa na hewa hugeuka rangi. Chini yake kazi ya kwanza ilikuwapo: chaki na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, kisha udongo laini mwekundu, kisha dhahabu nyembamba isiyofika hata sehemu ya elfu ya milimita. Palipotakiwa kung'aa pamesuguliwa kwa jiwe la akiki, penginepo pakaachwa pamefifia makusudi, ili mwanga wa mishumaa ucheze. Msasa ungekomba yote hayo kabla ya chai ya saa nne. Hata kitambaa kibichi ni hatari, maana maji huyeyusha gundi ile.

Nikauliza gharama zake enzi hizo. Akasema mwaka 1765 Chippendale alimtoza tajiri mmoja, Sir Lawrence Dundas, pauni 20 kwa kila kiti, seti ya viti vinane vilivyochorwa na msanifu majengo Robert Adam. Na fedha zilitoka wapi? Akaniambia nikaitazame Harewood, huko huko Yorkshire, jumba la Edwin Lascelles, mteja mkubwa wa Chippendale. Nilikwenda baadaye. Fedha zake ni za sukari ya Barbados, kisiwa cha Karibi, iliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipokomeshwa, ukoo ule ulilipwa fidia ya zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277. Watu wenyewe hawakupewa kitu.

Mwenye viti alikuja wiki ile ile. Akaangalia mkono ule, nusu kahawia, nusu dhahabu, akanyamaza, akauliza vyote viwili vitachukua muda gani. Fundi akamwambia miezi.

Arusi ikafanyika bila viti. Nilipewa namba XI nikisafishe mwenyewe, isipokuwa mguu wa mbele wa kushoto: pale chaki ilikuwa imeachia mbao, na ukiuhemea karibu, dhahabu inatikisika. Ule aliushika fundi mwenyewe, na mimi nikashika taa.