RAV4 yangu, janti za 17 na mawe ya Goma

Pine ya Goma haifi kwa kuisha meno, inakufa kwa kupasuka ubavu. Anayeishi mitaa ya Ndosho au Majengo anajua. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji 2002, ile ya 2021 ikakata barabara ya Rutshuru, na mawe yake ndiyo tunayoyakanyaga kila siku, meusi na yenye makali.

Gari yangu ni Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, ile iliyotengenezwa hadi 2005, yenye janti (rimu) za chuma za inchi 16 na pine za 215/70R16. Nilitaka magurudumu makubwa zaidi na mapana zaidi. Sitadanganya, urembo ulikuwemo. Ila nilijiwekea sharti moja: mpira ulio kati ya janti na jiwe usipungue sana.

Muuzaji wa kwanza mtaa wa Birere alinikimbilia na seti inayong'aa: "Yaya, beba hizi za 20, vijana wote wanaweka hizi." Zilikuwa na pine za 245/40. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ile ya pili ni asilimia ya upana huo, kwa hiyo ubavu ni 40 kwa mia ya 245, yaani milimita 98. Zangu za zamani zilikuwa na 150. Na ukijumlisha kimo chote, janti pamoja na mpira, ile ya 20 inafika milimita 704 wakati yangu ndogo ilikuwa 707. Unalipa dola nyingi, gari haipandi hata kidogo, na shimo la kwanza linapinda janti. Kwa barabara ya lami, sawa. Kwa Ndosho, hapana.

Nikachukua za 17 zilizotoka kwenye RAV4 ya kizazi kilichofuata. Matundu matano ya boliti, duara lao la milimita 114.3, tundu la katikati 60.1, sawasawa na yangu. Pine ni 225/65R17: ubavu milimita 146, kimo 724. Ekseli inapanda milimita 8 tu, wala usitegemee miujiza, lakini mpira umebaki mnene na umekuwa mpana kidogo. Uwezo wa kubeba nao umeongezeka: za zamani, zilizoandikwa namba ya uzito 100, hubeba kilo 800 kila moja, hizi za 102 hubeba 850.

Kwa vile pine zenyewe zilikuwa za mitumba, nilisoma tarehe kabla ya kutazama meno. Ubavuni, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Moja iliandikwa 0911, yaani wiki ya 9 ya 2011. Meno yake yalikuwa mazuri kabisa, lakini nilipoukandamiza mpira kwa kidole gumba vinyufa vikafunguka kama udongo wa kiangazi. Nikamrudishia. Akanuna, kisha akaenda kutafuta nyingine nyuma ya duka.

Nati ndizo watu wengi wanazipuuza. Janti za chuma hukaa kwenye nati zenye ncha ya koni. Za aluminiamu za Toyota, nyingi hutaka nati zenye shingo na washa bapa. Nilidai nati zilizokuja na janti zenyewe. Fundi wangu, mzee mmoja ambaye hakubali haraka, alizifunga kwa kipimo, niutoni-mita 103, akaniambia: "Utembee kidogo, urudi nizikaze tena. Mawe ya huku haina huruma, mtoto."

"Ndiyo, Papa," nikasema, na nikarudi.

Kabla sijaondoka alifanya jambo lililonipendeza. Ili kuona kama pine itagusa mahali, alipaka chaki nyeupe ndani ya tao la gurudumu, akawaita vijana wanne wa garaji wakae ndani, akakata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, tukasogea mbele na nyuma. Chaki ilifutika sehemu moja tu, kwenye plastiki ya mbele upande wa kulia. Akaipasha moto, akaisukuma ndani kwa mpini wa nyundo, akapaka upya. Mara hiyo haikufutika.

Nilinunua tano, si nne. RAV4 yangu inavuta magurudumu yote muda wote. Ukichanganya kimo cha mbele na cha nyuma, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inazunguka bila kupumzika mpaka ichemke. Hata ya akiba lazima iwe ya kimo kile kile, maana ukiifunga unatembea nayo hivyo hivyo hadi ufike kwa fundi.

Usukani umekuwa mzito kidogo, hasa kuigeuza gari penye nafasi finyu. Kipima mwendo sasa kinasema 80 wakati kweli ni karibu 82, na kilomita 100 za dashibodi ni 102 na ushee za barabarani, kwa hiyo ukipiga hesabu ya mafuta ongeza hizo. Barabara ya Sake naisikia laini zaidi, ingawa nadhani nusu ya ulaini huo unatokana na pine kuwa changa.

Kimebaki kifuniko cha pine ya akiba kwenye mlango wa nyuma. Cha zamani kimekataa kufunga, mpira umekizidi. Mwenye kifuniko kigumu kinachoingia 225/65R17, awe Goma au Bukavu, aniambie na bei yake.