Nani Ana Uamuzi Juu ya Likizo Ipi: Uzoefu Wangu Katika Ofisi ya Utumishi

Nilipokabidhiwa ofisi ya utumishi katika kiwanda kimoja cha kusindika samaki jijini Mwanza, malalamiko mengi niliyoyakuta mezani yalihusu likizo. Fomu ilikuwa moja kwa kila jambo: aliyetaka kupumzika, aliyelazwa hospitalini, aliyekaribia kujifungua na aliyefiwa na baba yake, wote walijaza karatasi ileile na kusubiri sahihi za msimamizi wa zamu, mkuu wa idara na meneja. Wapo wasimamizi walioamini kwa dhati kwamba bila sahihi yao mtu hana haki ya kwenda kuzika. Nilianza kwa kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, sehemu ya likizo, huku nikijiuliza swali moja: katika kila aina ya likizo, mwajiri anaamua nini hasa?

Kwa likizo ya mwaka, mwajiri hupanga ichukuliwe lini. Hana uamuzi wa kumnyima mtu. Sheria inatoa siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, sikukuu zikihesabiwa humo, na likizo hiyo itolewe kabla ya kupita miezi 6 tangu mzunguko kwisha. Inaweza kusogezwa hadi miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu, yaani ridhaa peke yake haitoshi, na wingi wa kazi peke yake hautoshi. Kiwandani kwetu watu walikuwa wakiambiwa kwa mdomo kwamba wataenda mwakani, na mwakani ukifika hakuna anayekumbuka ahadi hiyo. Nilipendekeza kila idara iandae kalenda ya likizo mwezi Januari, ikionyesha ni wangapi wanaweza kuwa nje kwa wakati mmoja, na mkuu wa idara anayetaka kusogeza tarehe aandike sababu pamoja na tarehe mbadala kwenye fomu hiyohiyo. Sharti la tarehe mbadala ndilo lililoleta mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa sababu tangu hapo kila ombi lililosogezwa lilikuwa na siku yake ya kutekelezwa.

Likizo ya ugonjwa ilinichukua muda mrefu zaidi. Hapa mzunguko ni wa miezi 36, na ndani yake mfanyakazi anastahili siku zisizopungua 126: 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Daftari letu lilikuwa likifungwa kila Desemba na kuanza upya, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema mgonjwa fulani amebakiza siku ngapi, na mishahara ilikatwa kwa kukisia. Fundi mmoja wa mitambo ya barafu, mtu mzima anayeheshimika kazini, alikuwa akitibiwa mgongo katika hospitali ya Bugando na tayari alikuwa amewekwa kwenye nusu mshahara. Nilikusanya karatasi zake zote za ED, yaani vyeti vya daktari vya kupumzishwa kazi, nikazipanga kwa tarehe kurudi nyuma miaka mitatu, na hesabu ikaonyesha kwamba hakuwa amefikia siku ya 63. Alirudishiwa fedha zake. Baada ya hapo nilifungua ukurasa wa miezi 36 kwa kila mfanyakazi, kazi ya kuchosha ambayo ningemshauri afisa utumishi yeyote aifanye kabla ya jambo lingine lolote. Tuliondoa pia sahihi ya msimamizi katika fomu hii: yeye hupewa taarifa ili apange zamu, na ofisi ya utumishi hukagua cheti cha daktari, basi.

Uzazi haukuwa na ugumu wa kuuelewa. Mama hutoa taarifa miezi 3 kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, akiambatisha cheti cha daktari, naye hupata siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, apewe nafasi ya kufanya hivyo kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, na wasimamizi walitakiwa kuliingiza hilo kwenye ratiba ya zamu bila kusubiri mama aombe kila asubuhi.

Msiba ulihitaji busara zaidi. Sheria inatoa siku 4 zenye malipo kwa kufiwa na mwenza, mzazi, mtoto, ndugu, babu, bibi au mjukuu, na pia kwa mtoto anapougua. Sisi tuna mama wadogo waliotulea, tuna wakwe, na mazishi mara nyingine huwa Songea au Kigoma, ambako safari yenyewe hula siku. Tulikubaliana kwamba kwa waliotajwa na sheria mfanyakazi anaondoka kwa kutoa taarifa tu, hata kwa simu, na uthibitisho anauleta akirudi. Siku za ziada meneja anaweza kuziruhusu bila malipo. Kwa jamaa wasiotajwa, mfanyakazi huchagua mwenyewe kati ya ruhusa bila malipo na kukatiwa kutoka likizo yake ya mwaka. Neno "mwenyewe" nilisisitiza liandikwe, kwa kuwa mwajiri haruhusiwi kumlazimisha mtu kutumia likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili, na mazoea huanzia penye mwanya mdogo kama huo.

Walibaki wafanyakazi wa mikataba mifupi, hasa akina mama wa kitengo cha minofu, walioambiwa miaka yote kwamba likizo si yao kwa sababu hawafikishi miezi 6. Sheria inasema aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yuleyule anastahili likizo yenye malipo iwapo vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi 6. Niliomba orodha za malipo kutoka kwa mhasibu, nikajumlisha jina kwa jina, na waliovuka kiwango hicho wakaingizwa kwenye kalenda ya idara yao pamoja na wengine.