Yamenyooka mno

MaKuYa, tamasha letu la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, imekwisha, mzigo wangu wa makapu karibu wote umetoka, shemeji kaoa Ijumaa na shughuli ilifana. Mimi bado namsikia mama mmoja mteja.

Alikuwa kalishika kapu langu kubwa, lile la zambarau nililowaonyesha hapa siku za nyuma likiwa bado kitako tu. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Dada, makapu haya ya mkono kweli?"

"Ya mkono, mama. Nimeshona mwenyewe."

"Mbona yamenyooka mno? Kama ya mashine."

Nikamweleza, huku ngoma ya sindimba inarindima na midimu, wale wachezaji wa vinyago vya uso, inaingia uwanjani: ukindu naukausha, nauchana chane, nachemsha na rangi, nasuka ukili, ule mkanda mrefu, ndipo nashona kwa sindano mzunguko juu ya mzunguko. Akaitikia "aha", macho yako kwenye kapu la Zuhura, mtoto wa dada. Lile lenye mdomo uliopinda, ukili huku mpana, huku mwembamba.

"Hili ndilo la mkono," akasema. Akatoa 15,000 bila kuomba apunguziwe hata mia.

Mbona yamenyooka mno. Nalala nayo, naamka nayo. Bibi alikuwa akiona chane moja imekaa vibaya anafumua ukili wote, nami nalia, ananirudishia nianze upya. Kunyooka huko ndiko mkono wenyewe! Jirani yangu wa meza anachonga mpingo, na vinyago vyake vikiteleza kama kioo wateja wanamsifu fundi. Hakuna aliyemuuliza habari za mashine. Kwa nini mshono wa mwanamke ukitulia ndipo unatiliwa shaka? Nilitaka kumuuliza hivyo yule mama. Alishaondoka kufuata midimu, kapu begani.

Jioni nikampa Zuhura pesa yake. Alizitazama.

"Mamdogo, lile lililopinda?"

"Hilohilo."

"Kalinunua kweli?"

"Kalichagua mwenyewe, yote mengine kayaacha."

Mtoto alicheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Maneno ya yule mama sikumwambia, wala sitamwambia. Na tangu hapo hajaweka chane chini. Jana usiku nimemkuta ukumbini ameuweka ukili wake juu ya wangu, anapima upana, anafumua, anarudia. Hakuna aliyemtuma. Nilisimama mlangoni nikamtazama, nikajikuta namshukuru yule mama, nami bado nina hasira naye.

Baba kapiga simu asubuhi kutoka Nanyamba. Mikorosho imeanza kutoa maua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu kama unga, umeshaonekana kwenye miti ya upande wa bondeni, na mwenye bomba la kupulizia salfa anataka alipwe kwanza. Pesa ya makapu nilishaipangia ada. Nimemwambia baba nitampigia kesho, na sijui nitamwambia nini.