Nyimbo za Majirani Zetu

Wapendwa katika Bwana,

Kila tamasha la muziki la Sauti za Busara linapokaribia pale Ngome Kongwe, Unguja, swali lilelile huturudia: je, Mkristo anaruhusiwa kusikiliza taarab na bongo fleva? Naona tunaharakisha mno kuuliza kinachoruhusiwa kabla hatujasikia watu wanaimba nini.

Paulo alipokuwa Athene, roho yake ilichukizwa kuona jinsi mji ulivyojaa sanamu (Matendo 17:16). Hata hivyo alizunguka akaziangalia ibada zao, na aliposimama Areopago alitaja maneno ya mtunga mashairi wao: "Maana sisi sote tu wazao wake." Hangeweza kuyataja kama hakuwahi kuyasikia, wala hangewaita watubu kama kusikia huko kungemlevya.

Na hapa kwetu tunaye Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864. Kabla hajawa askofu, na kabla jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini halijawekwa palipokuwa soko la watumwa, aliketi na wenyeji akaziandika hadithi zao kwa Kiswahili chao, akazichapisha London mwaka 1870. Ni yeye huyohuyo aliyetafsiri Maandiko, nami naamini lugha yake ilinolewa na hadithi hizo.

Taarab ina mashairi ya subira na mapenzi ya kweli, lakini pia ina mipasho, ambapo mtu huinuka kutuza huku akimkazia macho jirani waliyegombana, ili wimbo umchome. Hatari naiona hapo, si kwenye udi, ganuni wala fidla. Tena tukiri kwamba mipasho imeingia hata kwetu: aya ya Biblia inayowekwa kwenye WhatsApp ili fulani ajue kuwa anasemwa ni mpasho uleule, na ni mbaya zaidi kwa kuwa unalitumia Neno la Mungu.

Basi juma hili uchagueni wimbo mmoja unaopendwa na vijana wenu, muusikilize nao hadi mwisho bila kuwakatiza. Mkisikia ndani yake kiu ya kupendwa au hofu ya kudharauliwa, zungumzeni nao habari za Kristo. Mkisikia mwanamke akidhalilishwa au ulevi ukisifiwa, semeni wazi kwamba hayo hatuyaimbi. Kisha someni pamoja Wafilipi 4:8, na wao ndio wawe wa kwanza kusema.