Viti vitupu mkutanoni si uvivu wa wanachama

Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi wakiona mkutano umedoda husema wanachama ni wavivu, wanajua kukatwa ada tu. Sikubaliani. Mtu aliyesimama zamu nzima hatakaa saa mbili kusikiliza ripoti ya katibu, halafu aambiwe apige makofi. Atakuja kama kuna jambo linalomhusu ambalo bila kura yake haliamuliwi.

Kazi yenyewe huanza na karatasi, siku nyingi kabla ya mkutano. Andika kila idara, kila zamu na jina la kila mfanyakazi, awe mwanachama au la. Mbele ya jina weka nani wa chama alizungumza naye mara ya mwisho, na lini. Utashangaa mapengo yalivyo mengi, hasa zamu ya usiku na wenye mikataba ya muda. Huko chama hakipo, hata kama makato yanaingia kila mwezi. Tazama pia wawakilishi wa chama kazini wamebeba watu wangapi kila mmoja. Mmoja akipewa watu 50 hatawajua. 10 hadi 15 anaweza kuwafikia wote ndani ya wiki.

Kuwafikia ni kuzungumza ana kwa ana, dakika 15 hivi, mbali na masikio ya msimamizi. Muulize, "Ungepewa nafasi, ungebadilisha nini hapa kazini?" Kisha nyamaza. Wengi huharibia hapo hapo: mwenzake akisita kidogo tu, mwakilishi anaanza kuhutubia. Mkiachana, mwombe jambo dogo lenye siku yake: "Waulize wenzako wanne wa ghalani kuhusu malipo ya muda wa ziada, nitakuona Alhamisi." Kumwambia "tutakuhitaji siku moja" si kumwomba kitu. Na Alhamisi umtafute kweli. Usipomtafuta, ombi la pili hatalisikia.

Mwakilishi mzoefu ana kishawishi chake: kuingia peke yake kwa meneja na kumaliza lalamiko. Ni haraka, lakini wanachama wanazoea kuona chama kama wakili wa bure. Tuseme glovu zimekwisha idara ya ufungashaji. Barua isainiwe na wote wa idara, ipelekwe na watatu, mmoja wao awe hajawahi kusema mbele ya bosi. Fanyeni mazoezi: nani anafungua, nani anaandika majibu, nani anataja siku ya kurudi kufuata jibu. Meneja akitaka kubaki na mmoja faraghani, wote watoke.

Sasa mkutano. Tangazo litoke siku 7 kabla, likiwa na ajenda. Uamuzi mzito usiachwe mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuwahi usafiri. Hesabu za fedha zitoshe ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Kila msemaji dakika 2, na ambaye hajasema atangulie.

Penye zamu mbili, fanyeni vikao viwili kwa hoja ileile, neno kwa neno. Sanduku la kura lifungwe mbele ya watu, na kura zote zihesabiwe pamoja baada ya kikao cha pili. Mkitangaza matokeo ya asubuhi mapema, wa usiku watauliza wanapigia nini. Ila someni katiba ya chama kwanza. Kama akidi, yaani idadi ya chini ya wanaopaswa kuhudhuria, ni theluthi moja na mko 120, wakija 39 uamuzi wenu unaweza kutenguliwa. Kama katiba haitambui vikao viwili, irekebisheni kwa utaratibu wake. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unavitambulia vyama haki ya kujiandikia katiba na kanuni zao, kwa hiyo kile kifungu si msahafu.

Ndani ya siku 3 bandikeni maazimio: limeamuliwa nini, nani anafanya, kufikia lini. Jina la mwenyekiti likijitokeza kwenye kila mstari, rudini kwenye ile karatasi ya majina.